Je, ni damu yetu? Skizofrenia, kemia ya ubongo na urithi

Haya ni mazungumzo ya muuguzi wa afya ya akili wa Kaunti ya Kilifi mbele ya wakazi waliokusanyika katika baraza la chifu. Tumeyachapisha karibu yalivyosemwa, kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba wapate kuyasoma tena nyumbani.

 

Kabla sijaanza, nirekebishe jambo moja. Mimi ni muuguzi, si daktari. Najua huku kwetu kila anayebeba dawa huitwa daktari, nami nimeshazoea, lakini leo nitagusa mambo ya kitaalamu na sitaki mtu aseme nilijipandisha cheo.

Mara ya mwisho nilipozungumza na wananchi, katika wadi nyingine, mama mmoja alisubiri mpaka watu wakatawanyika. Kijana wake amekuwa akihudhuria kliniki yetu kwa mwaka mzima. Anaendelea vizuri, siku hizi anasaidia kupakia nazi kwenye lori, na usiku analala. Shida ya mama haikuwa kijana huyo tena. Ilikuwa dada yake. Binti amepata mchumba, na upande wa mchumba ulikuwa umemtuma mzee mmoja kuulizauliza: pale nyumbani kuna mwenye wazimu, je, ni wa ukoo? Mama akanishika mkono akaniambia, "Daktari, nieleze ukweli. Ni damu yetu?"

Gari lilikuwa linanisubiri, dereva anapiga honi. Nikamjibu kwa haraka, "Hapana, mama, ni ugonjwa tu." Jibu hilo halikuwa uongo mtupu, lakini halikuwa ukweli mzima, na yeye alijua. Nilimwona usoni. Nimerudi kwake tangu siku hiyo, tukaketi, tukazungumza. Amenipa ruhusa nilieleze swali lake bila kumtaja. Basi leo nitalijibu kwa urefu, maana siamini kwamba ni yeye peke yake anayeuliza.

Ugonjwa wenyewe

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili ambao mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini kwa nguvu zote jambo lisilokuwepo: kwamba jirani anamtilia sumu, kwamba mtangazaji wa redio anamsema yeye. Mawazo hukatika na kuruka. Hizo ndizo dalili zenye kelele, ndizo zinazofanya watu waje na kamba. Ziko nyingine za kimya. Kijana aliyekuwa mchangamfu anaacha kuoga, anaacha shule, anakaa ndani na mlango umefungwa, uso hauonyeshi furaha wala huzuni. Hizo za kimya mara nyingi hutangulia, na sisi wazazi tunaziita uvivu.

Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba karibu watu milioni 24 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, yaani karibu mtu 1 kati ya kila 300. Kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, na kwa wanawake mara nyingi huchelewa kidogo. Si nafsi mbili ndani ya mtu mmoja, kama filamu zinavyoonyesha. Na haukuletwa na malezi mabaya ya mama. Nasema hili la mama kwa sababu zamani hata wasomi wa Ulaya na Marekani waliwalaumu mama, wakakosea sana.

Kivuko

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Wengi wenu mmewahi kuvuka Likoni. Ubongo umejengwa kwa mabilioni ya seli za neva, na seli hizo hazigusani kabisa. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo mno, kama mkono wa bahari kati ya ng'ambo mbili. Ujumbe ukifika ukingoni huvushwa na kemikali. Kemikali hizo ndizo mashua. Ng'ambo ya pili kuna magati ya kupokelea, na kila aina ya mashua ina gati lake.

Moja ya kemikali hizo huitwa dopamini. Kazi zake ni nyingi, lakini moja ni hii: huuambia ubongo, "Hili ni muhimu, litazame." Unasikia jina lako sokoni, unageuka. Katika skizofrenia, picha za ubongo zilizopigwa tangu miaka ya 1990 zimeonyesha kwamba katika sehemu fulani ya ndani ya ubongo, dopamini hutolewa kupita kiasi. Mashua ni nyingi mno. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba ndiyo maana kila kitu huanza kuonekana kuwa na maana. Honi ya bodaboda ni ishara. Kikohozi cha jirani ni onyo. Mgonjwa anajaribu kuelewa mbona dunia nzima inamsemesha, na akili yake inatunga maelezo. Ukimwambia "acha ujinga", humsaidii kwa lolote, kwa sababu anachokisikia anakisikia kweli.

Jambo hili halikugunduliwa kwa mpango. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 daktari wa upasuaji Mfaransa, Henri Laborit, alikuwa akitafuta dawa ya kuwasaidia watu wanaofanyiwa upasuaji. Akaona kwamba dawa moja, klopromazini, inawatuliza kwa namna ambayo hakuwahi kuiona. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, mjini Paris. Watu waliokuwa wamefungiwa kwa miaka wakaanza kuzungumza na jamaa zao. Hakuna aliyejua dawa inafanyaje kazi. Baadaye Msweden Arvid Carlsson akaonyesha kwamba dopamini ni mjumbe wa ubongo, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kisha miaka ya 1970 watafiti wakapima dawa hizi moja moja wakaona kwamba ile inayong'ang'ania gati la dopamini kwa nguvu zaidi ndiyo inayohitaji dozi ndogo zaidi. Hapo ndipo ilipoeleweka. Dawa haizamishi mashua. Inakaa kwenye gati, mashua za ziada zikose pa kutia nanga.

Klopromazini hiyo hiyo bado tunaitumia hapa Kenya. Haloperidoli pia, na sindano ya mafuta ambayo mtu huchomwa mara moja kwa mwezi au karibu na hapo.

Lakini dopamini pia ndiyo inayosaidia mikono na miguu kwenda sawa. Ukiifunga sana, mwili unakakamaa, mikono inatetemeka, mate yanatoka, mtu anatembea kama mzee. Jamaa wanasema, "Hospitali imemharibu mtoto wetu," na dawa zinatupwa chooni. Ndugu zangu, hiyo ni dalili ya dozi kuwa kubwa au dawa kutomfaa mtu huyo. Inarekebishika. Tunaweza kupunguza, tunaweza kubadilisha, tunaweza kuongeza kidonge cha kulegeza misuli. Rudini mtugombeze. Ni afadhali nigombezwe kliniki kuliko dawa ikatwe ghafla nyumbani, kwa sababu ikikatwa, mara nyingi sauti hurudi baada ya wiki au miezi, na kila zinaporudi kazi ya kumtuliza mtu inaweza kuwa ngumu zaidi.

Na hapa vijana mnisikilize, hata kama mtanuna. Miraa na muguka zina kathinoni, kemikali inayoisukuma dopamini itoke kwa wingi. Bangi nayo, hasa kwa aliyeanza mapema na anayevuta kila siku, huongeza hatari ya ugonjwa huu. Sisemi kila anayetafuna atapata skizofrenia. Tungekuwa tumejaa wodi mpaka barabarani. Nasema kwamba kwa mtu ambaye ubongo wake tayari una mashua nyingi, hizi ni kuongeza mashua.

Dopamini si kisa chote. Dawa za kuifunga huzinyamazisha sauti vizuri kuliko zinavyomrudishia mtu hamu ya kuishi. Wale mliowahi kuchomwa ketamini kwa upasuaji mdogo, baadhi yenu mliamka mkiona maajabu. Ketamini hufunga gati la kemikali nyingine, glutameti, na hali inayoletwa nayo hufanana na skizofrenia, hata ule ukimya wake. Kwa hiyo watafiti wanaamini glutameti imo. Na imo GABA, ambayo ni breki ya ubongo. Hiyo nitairudia sasa hivi, maana ndiyo inayotupeleka kwenye swali la mama.

Rejista na nakala

Karibu kila seli ya mwili wako ina kitabu kamili cha urithi, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama. Kila ukurasa wenye maelekezo ya kutengeneza kitu tuuite jeni. Kitabu cha seli ya ini na cha seli ya ubongo ni kimoja. Tofauti ni kurasa zipi zinasomwa.

Fikirieni ofisi ya ardhi. Rejista haitoki ofisini. Ukitaka kujua shamba lako, karani anafungua ukurasa, anakutolea nakala, unaondoka na nakala. Ndivyo seli inavyofanya. Jeni hubaki mahali pake. Zinazotoka ni nakala, na nakala ndizo zinazotumika kutengeneza protini za mwili. Kwa hiyo si swali la kuwa na ukurasa tu. Ni nakala ngapi zimetolewa, lini, na katika seli gani.

Mwaka 1995 watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa ubongo wa marehemu waliokuwa na skizofrenia. Waliangalia sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambako tunapanga na kuamua. Wakatafuta nakala za jeni inayosaidia kutengeneza GABA, ile breki. Zilikuwa pungufu. Lakini seli zenyewe hazikuwa zimepungua. Jambo hilo limenikaa sana. Seli zipo, ukurasa upo, nakala ndizo haba. Watu husema "ubongo wake umeoza". Haukuoza.

Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2016, ulihusu jeni iitwayo C4. Ni jeni ya ulinzi. Mwilini husaidia kutia alama vijidudu ili viondolewe. Ubongoni hutia alama miunganiko kati ya seli za neva, na iliyotiwa alama huondolewa. Kuondolewa huko si ubaya. Mwenye mikorosho anajua kupogoa. Mtoto huzaliwa na kukua akiwa na matawi mengi kupita mahitaji, na katika ujana ubongo hupogoa. Watafiti waliona kwamba aina za C4 zinazotoa nakala nyingi zaidi ndizo zinazoambatana na hatari kubwa zaidi ya skizofrenia, na kwamba katika ubongo wa waliokuwa wagonjwa nakala hizo zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Inaelekea panga lilipita kiasi. Hilo linatusaidia kuelewa mbona ugonjwa unaanza umri ule ule ambao kijana anamaliza shule na sisi tumeshapanga atakuwa nani.

Sasa msitoke hapa mkisema, "Jeni ya wazimu inaitwa C4." Hakuna jeni ya wazimu. Mwaka 2022 watafiti wa nchi nyingi walilinganisha vitabu vya urithi vya watu zaidi ya 76,000 wenye skizofrenia na vya wasiokuwa nayo. Wakapata sehemu 287 zinazohusika. Moja ni ya gati lenyewe la dopamini. Karibu zote ni mabadiliko ya kawaida ambayo kila moja huongeza hatari kwa chembe tu. Mimi ninayo baadhi. Bwana Chifu anayo baadhi, aniwie radhi. Yule mzee aliyetumwa kuulizauliza anayo pia.

Tazameni pacha wa kufanana, ambao kitabu chao ni kimoja neno kwa neno. Mmoja akiwa na skizofrenia, mwenzake huipata karibu nusu ya mara, pengine chini ya hapo. Kama ingekuwa damu tu, angeipata kila mara.

Kinachobaki ni mambo mengi. Kipindi cha njaa kali nchini Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, kimechunguzwa kwa miaka mingi. Watoto waliotungwa mimba wakati njaa imefikia kilele walikuja kupata skizofrenia karibu mara mbili ya wengine. Na miaka 60 baadaye, wengine wa kizazi hicho walipopimwa, alama ndogo za kikemikali juu ya jeni mojawapo ya ukuaji zilikuwa tofauti na za ndugu zao. Alama hizo ni kama kibanio karani anachokiweka kwenye ukurasa: usifungue sana, au fungua zaidi. Hakuna aliyethibitisha kwamba kibanio hicho ndicho kilicholeta ugonjwa. Kinaonyesha tu kwamba mambo ya nje yanaweza kugusa jinsi kitabu kinavyosomwa. Nasi tunaokijua kiangazi cha Ganze tuelewe kwa nini mama mjamzito ahesabiwe kwanza chakula kikiwa kidogo. Lakini mama, usianze sasa kuhesabu siku ulizolala njaa na kujilaumu. Hata Uholanzi, wengi mno wa watoto hao hawakuugua.

Jambo moja linanikera kidogo kama mwananchi wa hapa. Sehemu kubwa ya hesabu hizi imetoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Ndiyo maana nilifurahi kuona utafiti mkubwa uliohusisha Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ambapo watu walitoa mate ili urithi wao usomwe. Upande wa Kenya walishiriki KEMRI-Wellcome Trust ya hapa kwetu Kilifi na Chuo Kikuu cha Moi. Najua kutema mate kwenye kichupa cha mgeni si jambo jepesi kwetu. Anayekuomba ana wajibu wa kukueleza kinakwenda wapi, nawe una haki ya kukataa. Ila mtu akikuambia atakupima damu akwambie kama mwanao atapata skizofrenia, huyo anataka pesa zako. Kipimo hicho hakipo.

Jibu la mama

Kwa hiyo nilimwambia hivi. Katika maisha yote, karibu mtu 1 kati ya 100 hupata ugonjwa huu. Aliye na ndugu wa tumbo moja mgonjwa, ni karibu 9 kati ya 100. Hiyo ndiyo hesabu ya binti, na kila mwaka anaoumaliza akiwa mzima huipunguza. Watoto wake, ambao kwa yule kijana watakuwa wapwa, ni karibu 4 kati ya 100. Maana yake watoto 96 kati ya 100 walio katika hali hiyo hawatapata. Hesabu hizi ni za nchi nyingine, nikamweleza hilo pia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na upande wao, wamehesabiwa?" Sikuwa na jibu, nikacheka.

Mzee akirudi, asimfiche. Amwambie: kuna mgonjwa, anatibiwa, anafanya kazi. Nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu ya kufichwa kuliko kwa sababu ya ugonjwa.

Kwa waganga na viongozi wa dini mlioketi hapa, sikuja kugombana nanyi. Watu huja kwenu kwanza, na huja kwenu usiku wakati kliniki imefungwa. Ombeni, someni, lakini msifunge mtu kwa minyororo wala msimnyime dawa. Nimewahi kumpokea kijana ambaye kifundo cha mguu kilikuwa kimechimbwa na pingu mpaka kwenye nyama. Tulitibu kidonda kwa muda mrefu kuliko tulivyozitibu sauti. Na nyumbani, kelele na matusi ya kila siku humrudisha mgonjwa hospitalini upesi. Hilo limepimwa mara nyingi katika nchi mbalimbali.

Ukimwona kijana anajitenga, anacheka peke yake, halali, usisubiri avunje kitu. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako, ndiye anayejua kliniki iko siku gani na atakuandikia barua ya rufaa. Msiwe mnakuja na polisi kama mngeweza kuja na shangazi yake.

Sasa maswali. Mzee aliye nyuma, uliyeinua bakora tangu nilipotaja muguka, anza wewe.